Ile Mashine na Jino la Ekai

Mwanangu Guyo,

Salaam aleikum. Umelala chumba cha pili, na mimi nimekaa hapa mezani nakuandikia barua kana kwamba uko ng'ambo. Najua ni kichekesho. Leo nimekuita mara kadhaa nikitaka kukuambia jambo hili kwa mdomo, na kila ulipokuja nikakuambia habari ya samli, habari ya blanketi, habari ya kuficha pesa za matumizi, mpaka ukachoka ukaniambia, "Mama, hiyo umesema asubuhi." Kweli nilikuwa nimesema. Basi hayo tuyaache. Samli utaikuta kwenye begi la kijani, nami niandike kile ambacho mdomo umekataa.

Barua hii inamhusu Ekai.

Usiikunje. Najua ukilisikia jina hilo tu uso unabadilika. Jana mama yake alipokuja kukuaga, amekufungia karanga kwenye gazeti, uliinuka ukatoka nje kabla hajakaa. Yule mama aliutazama mlango, akanitazama mimi, akasema, "Bado tu, Mama Guyo?" Nikasema, "Bado." Kisha nikammiminia chai. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale pale, watu wawili tu chumbani, nami nikamiminia mtu chai. Ndivyo nilivyofanya miaka yote hii, kila ukweli ukikaribia natafuta birika.

Wewe unaamini kwamba Ekai alifuta jina lako kwenye ile mashine ya michezo. Hakufuta. Aliyefuta ni mimi.

Sasa nianze mwanzo, maana nikiishia hapo utadhani ilikuwa bahati mbaya, na haikuwa.

Baba yako alipofariki tulihama Korbesa tukaja mjini Isiolo, nikafungua hoteli karibu na soko la mifugo. Hoteli nasema kwa kuipa heshima, ilikuwa mabati, mabenchi, na sufuria niliyoazimwa na jirani. Mwaka ule wa kwanza tuliishi kwa maziwa ya ng'ombe wa baba yako mdogo, Dida. Alimleta mwenyewe, akasimama mbele ya wazee wawili, akasema, "Huyu nimekupa dabare. Maziwa kunywa na watoto. Ndama ni yangu, ng'ombe ni yangu." Sikuona vibaya hata kidogo. Nilijua ninachokunywa na nilijua kisicho changu, na siku alipokuja kumchukua nilimfungulia kamba mwenyewe. Kwetu ng'ombe hatoki boma moja kwenda jingine bila neno hilo kusemwa kwanza, kama amepewa mtu moja kwa moja au amepewa akamue tu. Hata mtoto anayechunga mbuzi kule Korbesa anajua kuuliza.

Nakukumbusha haya kwa sababu siku ile Bwana Mashine alipokuja na pikapu yake, mimi sikuuliza.

Unamkumbuka. Suruali yenye mkunjo, kalamu mbili mfukoni, na vumbi la njia yote halijamgusa. Alishusha lile kabati refu kama mtu mzima, lenye kioo mbele na usukani mdogo, akalichomeka ukutani, na kioo kikawaka nyota na ndege za vita zinazoshuka zikipiga kelele. Wateja waliacha mandazi yao. Mzee mmoja aliyekuwa ametoka kuuza kondoo alisogea nyuma akaomba dua.

"Mama, hii kitu italeta vijana wote wa Isiolo hapa kwako," akaniambia. "Unalipa mara moja tu, basi."

"Inakula stima sana?"

"Kidogo sana. Kama taa."

Hilo ndilo swali langu pekee, Guyo. Mimi niliyepokea ng'ombe mbele ya wazee nikijua mpaka ndama ni wa nani, niliuliza habari ya stima. Nilidhani vitu vya waya na kioo havina mambo hayo. Nilidhani ni kama sukari, ukishalipa dukani umemaliza, hakuna mwenye duka atakayekufuata nyumbani akidai kilo yake. Na nilitaka kuonekana mjanja wa mjini. Hilo nalo lisemwe, kwa sababu ni kweli: nilitaka wenye maduka ya mawe wapite wakiona hoteli ya mjane imejaa.

Pesa sikuwa nazo. Nilikuwa na Gurati, yule ng'ombe mweusi, na hakuwa wangu. Alikuwa wako. Alizaliwa na mtamba uliyetengewa ulipozaliwa, kama anavyotengewa kila mtoto wa kiume kwetu, yeye na kizazi chake chote, na hata baba yako angekuwa hai asingemuuza bila idhini yako. Kwa hiyo nilikuuliza. Kichwa chako kilikuwa hakijafika hata begani kwangu. Ukafikiri, ukaniuliza, "Mama, mashine itakuwa yangu kama Gurati ni yangu?" Nikasema ndiyo. Ukasema basi, muuze. Uliniamini kama unavyoamini kwamba maji yatachemka.

Bwana Mashine hakudanganya kuhusu vijana. Walikuja. Waliotoka shule, waliotoka duksi kusoma Kurani, wapagazi wa stendi, na siku za soko vijana wa mifugo kutoka Merti na Korbesa ambao hawajawahi kugusa swichi ya taa. Shilingi moja ilikupa ndege tatu. Nyinyi mlikuwa mnaziita roho. Zikilipuliwa zote, mchezo umekwisha, weka shilingi nyingine. Na aliyepiga vizuri aliambiwa na mashine aandike herufi tatu za jina lake, na jina lake likapanda juu, la kwanza kuliko yote, watu wote waone.

Hapo ndipo wehu ulipoingia. Kwa mtu wa hapa alama ni jambo kubwa. Ng'ombe akishakatwa sikio kwa alama ya ukoo, hata akipotea mwaka mzima atarudishwa. Vijana waliona jina kwenye kioo wakalichukulia hivyo hivyo, kwamba limetiwa alama, ni lao, mtu akitaka kuliondoa lazima awashinde. Nami nilikuwa nasimama pale na kitambaa begani nikiita, "Piga, andika jina, likae!"

Halikukaa. Kila jioni nilipofunga hoteli nilichomoa waya ukutani ili kupunguza stima, na kila asubuhi nilipochomeka, majina yote yalikuwa yamekwenda, yamebaki yale ya kiwandani ambayo si ya mtu. Mwanzoni sikujua. Bwana Mashine ndiye aliyenieleza, siku alipokuja kuchukua fungu lake. Kila wiki alikuja na ufunguo wake akafungua kisanduku cha shilingi, akachukua nusu, akaniachia nusu. Nilidhani nusu yake ni ya matengenezo. Nikamwambia, mashine yako inasahau watu. Akacheka.

"Wacha isahau, mama. Ikikumbuka, kijana atalipa tena ya nini?"

Ningeweza kuiacha bila kuchomoa. Stima kweli ilikuwa kidogo, hilo hakudanganya. Lakini tangu siku ile nilichomoa nikijua. Asubuhi kijana alikuta jina lake halipo, akadhani zile herufi za kiwandani ni za mtu wa jioni aliyemshinda, akaweka shilingi kulitafuta. Kijana wa Merti aliyekuja siku ya soko alikuta la kwake halipo, akaapa, akakaa kwenye usukani mpaka lori lake likamwacha. Nami nilimpa chai ya bure nikajiona mtu mwema.

Kisha akanionyesha la pili. Nyuma ya kabati kulikuwa na mlango mdogo, na ndani swichi ndogo ndogo kama punje za mchele zilizopangwa. "Hii hapa ni roho tatu," akasema. "Ukisukuma hivi ni mbili. Bei ni ile ile." Nikasukuma. Sikupandisha bei, unaona. Ningepandisha bei wangelalamika, tungebishana, pengine wangekataa. Chai yangu ningeipunguzia maziwa hata kidogo, wazee wangenirudishia kikombe na matusi juu. Lakini hakuna aliyeweza kuonja ndani ya lile kabati. Mliona mchezo unaisha haraka mkadhani mikono yenu imekuwa mizito. Wewe mwenyewe uliniambia, "Siku hizi napiga vibaya," na ukaenda kujifunza kwa kutikisa kijiti hewani, umekaa pale mlangoni. Nilikuona. Nilikuwa nakanda unga.

Ekai alikuwa rafiki yako wa kweli, na usiniambie hukumbuki. Mlikuwa mnalala hapa mkiwa mmejifunika gunia moja, na ukipewa nyama unamtunzia. Watu walisema Mborana na Mturkana wataishia vibaya, nanyi mliwacheka. Hakuwa na shilingi za kuchezea kama wewe. Alikuwa anabeba maji ya watu ili apate moja.

Siku ile alikuja mapema, akakuta kioo hakina mtu, akacheza shilingi yake, akapata, akaandika EKA juu kabisa. Ulipotoka duksi, jina lako uliloliacha jana jioni halipo, na lake linawaka pale juu.

"Jina yangu iko wapi?"

"Mimi nimekuta hakuna mtu," Ekai akasema.

"Umefuta."

"Sijui hata kufuta, Guyo. Haki ya Mungu, nimekuta hakuna mtu."

Ukanigeukia mimi. Hoteli imejaa, ilikuwa siku ya soko, na vijana wa Merti wamesimama na shilingi zao mkononi wote wanasikiliza. Ukaniuliza, "Mama, mashine inaweza kusahau?"

Nimelisikia swali hilo kila siku tangu siku ile. Uliliuliza kwa utaratibu, ukitaka kusikia ndiyo, ukitaka nikupe njia ya kutomchukia. Ekai naye alinitazama. Yeye alijua ninajua, nafikiri, kwa jinsi alivyonitazama. Nami niliangalia zile shilingi mikononi mwa watu nikasema, "Mashine haisahau."

Ulimpiga kwa kikombe cha bati. Jino lilianguka kwenye meza, pale alipokaa mzee anakula. Nilikupiga wewe kofi kwa kumwaga damu ya mtoto wa watu, nikafuta meza, nikampelekea mama yake sukari na majani ya chai, nikajiambia watoto hupigana na kupatana. Hamkupatana. Ekai hakukanyaga tena hapa. Wewe ulisema hucheki na mwizi. Na mimi nilikaa katikati yenu nikijua, nikipika.

Mashine yenyewe unajua ilivyokwenda. Ukame ulipokuja na soko likanyauka, shilingi zikapungua, Bwana Mashine akaja na pikapu na vijana wawili wakaanza kuibeba. Nikasimama mlangoni nikapiga kelele kwamba nimenunua, nimeuza ng'ombe wa mtoto nikanunua. Akanijibu bila hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Mama, ulilipa ndio ikae hapa. Mashine ni ya kampuni. Nani alikuambia ni yako?" Nikatafuta kichwani mwangu ni nani aliyeniambia. Hakuna. Nilijiambia mwenyewe. Watu wote wakitazama, hakuna hata mzee mmoja wa kunishuhudia, kwa sababu sikuita mzee yeyote. Wewe ulikuwa umeshika ule waya ukutani hutaki kuuachia, na nikakufungua vidole.

Watu walinihurumia sana siku ile. Mjane ameibiwa na mtu wa mjini. Nikaipokea huruma yao yote, sikukataa hata kidogo. Lakini aliyonifanyia yule mtu ndiyo niliyokuwa nikiwafanyia vijana kila jioni ninapochomoa waya. Yeye aliniachia nidhani ng'ombe wako amenunua kitu, nami niliwaachia wadhani shilingi zao zimenunua jina. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mgeni, na mimi nilikuwa mama yao wote, ndivyo walivyoniita.

Kesho unakwenda Nairobi kwa mjomba wako Wario, kukaa dukani kwake. Anasema redio siku hizi si kitu, watu wanataka televisheni na ile michezo ya kuchomeka kwenye televisheni, inayokuja kwenye vikaseti. Utakuwa wewe sasa uliyesimama na kitambaa begani. Sitakuambia uwe mwaminifu, neno hilo nikilisema mimi litacheka lenyewe. Nakuomba kitu kidogo. Baba wa mtu atakuja na pesa yake ameifunga kwenye leso, hajui hata kuuliza, atakuuliza habari ya stima. Mwambie lile ambalo hakuliuliza. Kama kaseti ile haiingii kwenye mashine ya aina nyingine, mwambie. Kama analipa kwa wiki na akikosa wiki moja kitu kitarudi dukani, mwambie kabla hajaifungua leso. Mwambie kama Dida alivyoniambia mimi, hiki ni chako na hiki si chako. Mjomba wako atakunja uso. Mwache akunje.

Na usidhani utajua siku unapoanza kuiba. Mimi sikujua. Kila siku nilikuwa na sababu nzuri, ada yako ya shule ikiwa ya kwanza. Sitaki ubebe hilo. Ada ile ningeipata kwa chai.

Sasa nifike mwisho, kwa sababu kuna jambo nimelifanya leo bila kukuambia.

Alasiri, niliposema naenda kununua viberiti, nilikwenda stendi ya malori. Ekai anapakia pale siku hizi, unajua, umekuwa ukizunguka njia ya msikiti usipite mbele yake. Nilimkuta juu ya lori anafunga turubai. Akashuka. "Habari mama," akasema, na adabu yake ile ile. Nikamwambia yote. Waya, jioni, roho mbili, na kwamba siku ile alisema kweli na mimi nikasema uongo mbele yake. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, nilikuwa nayataka. Alisikiliza akijifuta mikono kwenye suruali. Kisha akaniuliza, "Sasa Mama Guyo, ile jioni kabla uchomoe, nani alikuwa wa kwanza? Mimi ama yeye?"

Maana na yeye alikuwa amecheza jioni ile, Guyo. Mlicheza wote wawili mpaka nikawafukuza. Na mtu pekee duniani aliyekuwa mbele ya kile kioo kabla hakijazimika ni mimi.

Nikamwambia sijui. Sikuwahi kuangalia. Hata jioni moja. Nilikuwa napita nyuma ya kabati, naingiza mkono gizani, navuta.

Yeye ndiye aliyenihurumia, mtoto yule. Akasema, "Si kitu. Mwambie Guyo aje tuulizane." Akacheka, na pengo likaonekana. Hajaziba. Nilikuwa sijaliona kwa karibu tangu siku ile.

Lori linalokubeba kesho ni lile analopakia yeye. Wewe hukuuliza ni lori la nani, ulifurahi tu jioni niliporudi kwamba nimekupatia nafasi mbele. Nafasi hiyo ameitafuta Ekai leo baada ya kunisikiliza, na amekataa hata pesa ya chai niliyompa kwa ajili yake.

Barua hii utaikuta juu ya begi la kijani. Isome kabla hujatoka chumbani. Sitakusindikiza bega kwa bega, nitatangulia nisimame pale stendi, karibu na magunia. Ukifika, usipande kabla hujamshika mkono. Na kama utashindwa kunitazama mimi, mtazame yeye, nitaelewa.

Mama yako